Fleti ya Mfano, Ghorofa ya Tano

Jioni ile Mama Funguo alipanda juu kuwasha taa tu. Hakuwa na jambo jingine. Wanunuzi walikuwa wanakuja kesho yake, wakati huohuo wa jua kuzama, naye alitaka kuona kama fleti ya mfano inapendeza giza linapoingia. Mteja akiona dirisha lenye mwanga wa njano moyo humlainika, na mteja aliyelainika moyo haulizi mengi kuhusu mabomba ya maji.

Lifti ilikuwa imekufa miaka mingi. Alipanda kwa miguu, mkono mmoja ukipapasa ukuta, mwingine umeshika rundo la funguo lililompa jina. Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho. Madalali wenzake, wateja, hata wauza maji wa mtaani walimwita Mama Funguo, na mama yake mzazi naye alikuwa amelidaka jina hilo ili apate la kumtania.

Jengo lilikuwa la ofisi. Enzi zake lilijaa mawakili, watu wa bima, daktari wa meno na chuo cha kupiga chapa. Mmoja mmoja wakahamia kwenye majengo ya vioo upande wa pili wa mji, wakaacha vibao milangoni na alama za makabati ukutani. Mwenye jengo, mgane mmoja aliyeitwa Mzee Jengo, alitaka kuliuza kwa kampuni ambayo ingezikata ofisi zile kuwa fleti, kisha kila fleti ipate mwenyewe. Kampuni zilikuja, zikatazama korido ndefu na taa nyeupe za darini, zikakunja pua.

"Hapa mtu atalala?" injinia mmoja aliuliza. "Hapa panafaa kumwandikia mtu barua ya kufukuzwa kazi."

Ndipo Mama Funguo alipopata wazo. Alichagua ofisi ya kona, ghorofa ya tano, akamleta fundi akagawa chumba kwa mbao na kupaka rangi. Akaazima kitanda, kochi na meza dukani. Alipomaliza alisimama mlangoni, akatazama, akasonya. Palikuwa kama duka la samani. Hakuna ambaye angeamini kwamba kuna mtu aliyewahi kupiga chafya mle ndani.

Basi akaleta vitu vya nyumbani kwake. Hapo ndipo alipokosea, ingawa kosa lenyewe lilikuwa la dalali anayeijua kazi yake. Alileta shuka la mama yake, lililolainika kwa kufuliwa. Alileta na sweta la mama huyo, akalitundika kwenye mgongo wa kiti kana kwamba mwenyewe kaenda chooni. Kikombe chake cha bati. Ndala za binti yake, mswaki wake, mdoli wake asiye na jicho moja, na michoro yake akaibandika jikoni. Mwisho akaweka picha kwenye fremu: mama yake amekaa, binti yake amesimama kando, yeye mwenyewe nyuma yao, mikono juu ya mabega yao.

Akarudi mlangoni kutazama. Sasa ilikuwa nyumba.

Mzee Jengo alipokuja kuiona alivua kofia, kama mtu aliyeingia penye msiba. Kisha akaanza kugusa vitu, kimoja baada ya kingine.

"Sweta hili la nani?"

"La mama yangu, mzee."

"Anaitwa nani?"

Mama Funguo akamtajia. Mzee akalirudia jina lile kwa sauti ya chini, uso ameuinua darini.

"Na hizi ndala?"

"Za binti yangu. Tunamwita Kasuku. Hanyamazi yule, hata usingizini anahadithia."

"Nakuuliza jina lake."

Akamtajia na hilo. Mzee akalirudia pia, polepole.

"Wamekubali?"

"Nani tena, mzee?"

"Wenye vitu."

Mama Funguo akacheka. "Mzee nawe! Ni vitu tu. Nitavirudisha mkishasaini."

Mzee hakucheka. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akalilaza shuka kwa kiganja, akasema kwamba jengo likiuzika, fleti hiyo itakuwa yake yeye dalali. Ataliandika sharti hilo kwenye mkataba, na hataki ubishi.

Mama Funguo alishuka ngazi analia kwa furaha. Maisha yake yote aliuza nyumba za watu na kuishi kwenye vyumba vya watu. Kila aliyempangisha alimpandishia kodi au alimtaka ahame, na Kasuku alikuwa amehamishwa mara nyingi hivi kwamba siku hizi, kabla ya kubandika mchoro ukutani, aliuliza kwanza: "Mama, hapa tutakaa?" Baba yake alishajiondokea zamani, hakuna haja ya kumtaja. Walibaki watatu, Bibi na kikohozi chake, mtoto na maneno yake, na mama wa kuwahangaikia. Nyumba ya kukaa ndiyo kitu pekee alichokuwa akikiomba kila akilala.

Kuna jambo moja alilishangaa siku ile. Kabla ya kuondoka, Mzee Jengo alisimama chini ya ngazi, akatazama juu gizani, akasema taratibu, "Lala salama." Kisha akangoja kidogo. Mama Funguo akajiambia ni uzee.

Sasa, jioni hii ya kuwasha taa, alifika ghorofa ya nne akasimama kuvuta pumzi.

Harufu.

Vitunguu. Vitunguu vinakaangwa, vimeanza kuwa vyekundu.

Alitabasamu kwa hasira. Mlinzi wa jengo! Kumbe mwanamume yule anajipikia kwenye jiko la maonyesho. Akamaliza ngazi kwa haraka, akafungua mlango wa fleti, akawasha taa.

Hapakuwa na mtu. Jiko lilikuwa safi, na lisingeweza kupika chochote kwa sababu halikuunganishwa na gesi wala umeme. Lakini kitanda alichokitandika asubuhi kilikuwa na bonde katikati, kama mtu aliyelala kiubavu ameamka sasa hivi. Aliweka mkono pale.

Palikuwa na joto.

Akashika kikombe cha bati. Kilikuwa na chai nusu. Ndala zilikuwa zimelowa, na nyayo ndogo za maji zilitoka bafuni hadi kwenye kochi, zikaishia hapo. Maji hayakuwa yamefika ghorofa ile tangu mawakili walipohama.

Nyuma ya ukuta wa mbao mtu alikohoa.

Kikohozi kikavu, kikavu, kisha mluzi mwembamba wa pumzi kuvutwa. Mama Funguo alikijua kikohozi kile tangu utotoni. Angeweza kukitambua sokoni kati ya watu elfu.

"Mama?" alinong'ona.



Alishuka ngazi hajui ameshukaje. Mlinzi alikuwa nje kwenye kiti chake, redio imeegemea sikio.

"Nani analala juu?"

"Madam, mimi siendi juu," mlinzi alisema bila kumtazama. "Toka ulete vile vitu, siendi. Nilidhani umemleta mama yako akae. Anakohoa sana. Na yule mtoto naye anaongea!"

"Mtoto gani?"

"Si wako? Leo ameniita dirishani. Ananiuliza, hapa tutakaa?"

Mama Funguo alichukua pikipiki mpaka nyumbani, akimhimiza dereva njia nzima. Alipofungua mlango aliwakuta wote wawili, mama yake kwenye mkeka, Kasuku kando yake, taa hawajawasha. Akawakumbatia. Akawasha taa. Akaongea peke yake kwa muda mrefu kabla hajagundua kilichopungua.

Mama yake hakuwa akikohoa.

Kikohozi kile kilikuwa saa ya nyumba yao. Kiliwaamsha na kuwalaza. Sasa mama yake alikaa ametulia, mdomo wazi kidogo, na kifua chake hakikuonekana kupanda wala kushuka. Chakula cha mchana kilikuwa bado sahanini, kimefunikwa vilevile. Na Kasuku, mtoto aliyeongea hadi majirani wakagonga ukuta, alitazama dirisha bila kusema neno.

"Mbona mmenuna? Mmegombana?"

"Hatujanuna," Bibi alisema. Sauti ilikuwa yake, lakini nyembamba, kama inatoka chumba cha pili. "Hapa pana baridi, mwanangu."

"Kasuku wangu, umekula?"

Mtoto aligeuza uso polepole. Alimtazama mama yake kama mtoto anavyomtazama mgeni mwema.

"Mama," alisema, "tunarudi nyumbani saa ngapi?"

Usiku huo Mama Funguo aliwalaza kila mmoja upande wake, akawashika mikono. Mikono yao haikupata joto hata kidogo. Alipiga moyo konde. Kesho asubuhi angepanda jengo lile, angebeba kila kitu, na fleti ibaki tupu, wanunuzi wakikasirika wakasirike.

Asubuhi haikumpa nafasi. Mkurugenzi wa kampuni alipiga simu kutaka mpaka wa kiwanja uonyeshwe. Wakili akataka sahihi. Fundi wa umeme akapotea na ngazi yake. Na ukweli usemwe, kulikuwa pia na sauti ndogo ndani yake iliyosema: ni jioni moja tu, wasaini, halafu utavitoa, na fleti itakuwa yako, na mtoto atabandika michoro yake bila kuuliza. Aliwaacha nyumbani na mpangaji wa chumba cha jirani, mama mmoja mtu mzima, akamwambia asiwaache watoke hata uani.

Wanunuzi walifika jua likizama. Walikuwa mkurugenzi, mwanamke wa haraka haraka mwenye viatu vya kelele, na injinia yuleyule aliyesema habari ya barua ya kufukuzwa kazi. Mzee Jengo aliwafuata nyuma, kofia mkononi. Mama Funguo alitangulia akihesabu vitasa kwa vidole kama kawaida yake, akizungumzia upepo mzuri wa kona, mandhari, unene wa kuta. Kila ghorofa alitega sikio.

Kimya kitupu.

Akafungua mlango wa fleti. Taa zilikuwa zimewaka, ingawa hakuziwasha.

"Karibuni," alisema.

"Asante, bibi," mkurugenzi akajibu.

Lakini hakumjibu yeye. Alikuwa ameelekeza uso kwenye kiti chenye sweta, ameinama kidogo kwa heshima. "Shikamoo. Usisimame, usisimame, tunapita tu."

Kiti kilikuwa kitupu. Sweta tu.

"Na wewe nani?" injinia akachuchumaa mbele ya kochi, akacheka. "Eh! Unaongea wewe! Haya, nionyeshe ni upi umechora wewe." Akanyoosha mkono, na vidole vyake vikajikunja taratibu, kama vinavyojikunja ukishikwa na mkono mdogo. Akavutwa hadi jikoni. Mama Funguo aliuona mkono wake ukivutwa. Hakuona aliyeuvuta.

"Mnaona nani?" alinong'ona.

Mkurugenzi alimgeukia macho yakimeta. "Wewe dalali wewe! Nimetembelea fleti za mfano kila mahali, sijaona mtu aliyeleta familia nzima. Sasa naelewa. Sasa naona watu wataishije hapa. Bibi amenipendeza mno. Tunanunua."

Wakasaini palepale, kwenye meza ya kuazimwa. Mzee Jengo naye alitia sahihi. Viatu vya kelele vikashuka ngazi, kicheko cha injinia kikafuata, kisha gari likawaka chini na kuondoka.

Simu ya Mama Funguo ikaita. Alikuwa yule jirani.

"Kumbe umewaita huko? Mbona hukuniambia? Nilitoka kuanua nguo, nikarudi nikawakuta wanavuka barabara kule mbele. Nimewaita mpaka sauti imenikauka. Mama yako anatembea, shosti! Bila fimbo! Mtoto ameshika mkono wake, hata hawakugeuka nyuma..."

Simu ilimwanguka.

Aliwaita. Aliwaita kwa majina yao halisi, na majina ya utani, na majina ya kubembeleza ambayo huwa hayasemwi mbele za watu. Alifungua kabati, alitazama chini ya kitanda, alikimbia korido nzima akifungua ofisi moja baada ya nyingine, vumbi, vumbi, vumbi. Aliporudi alisikia kikohozi kwenye kiti. Kiti kililia kidogo, kama kinavyolia mtu akijigeuza. Akakikumbatia. Alikumbatia mbao na sweta.

Akaitazama picha kwenye fremu.

Mama yake alikuwepo, amekaa. Kasuku alikuwepo. Nyuma yao, mahali alipokuwa amesimama yeye, palikuwa na ukuta tu.

"Anayewaleta hawaoni," Mzee Jengo alisema kutoka mlangoni. "Utawasikia. Wengine watawaona. Wewe hapana."

Mama Funguo alimrukia. Alimkaba ukosi wa koti, akamgonga kwenye kizingiti, na mzee hakujitetea, aliacha kichwa kigonge.

"Ulijua! Uliniuliza majina yao, ukijua!"

"Nilijua."

"Kwa nini?"

Mzee alikaa chini sakafuni. Alinong'ona maneno machache, kwa kuchoka, kama mtu anayetoa maelezo aliyokwisha kuyatoa kwa kuta. Baba yake ndiye aliyejenga. Aliogopa jengo lisije likakosa watu, akamleta mtu, na mtu huyo akafukia kitu kwenye msingi. Kitu gani, hakuambiwa. Wakati ofisi zimejaa hakukuwa na neno. Wapangaji walipoanza kuhama, mke wake akahamishia cherehani yake ghorofa ya saba ili apate nafasi ya kushonea, na mtoto wao akaacha shati lake la shule pale juu.

"Hawakurudi. Nikasikia cherehani kila jioni. Nikasikia mtoto akisoma kwa sauti."

"Na mtoto wako yuko wapi?" Mama Funguo aliuliza. "Jana sikusikia mtoto mwingine."

Mzee alifunika uso kwa kofia.

"Nilifanya hicho unachotaka kufanya sasa. Nilichukua shati nikatoka nalo. Nilifika nalo ghorofa ya pili. Alilia mpaka pale, halafu akanyamaza. Sijamsikia tena. Mke wangu amebaki peke yake juu, na mimi nimezeeka. Nikifa, nani atamwambia lala salama?"

Mama Funguo hakumwamini. Nani angeamini? Alilikusanya lile sweta, shuka, ndala, mdoli, akavikumbata kifuani na kuanza kushuka. Ghorofa ya nne kikohozi kikaanza nyuma yake. Ghorofa ya tatu hakikuwa kikohozi tena, kilikuwa pumzi inayotafutwa na haipatikani, mluzi, mluzi, na vidole vikikwaruza ukuta. Kisha sauti ya Kasuku.

"Mama, Bibi hapumui! Mama, nami sioni! Mama, unatupeleka wapi?"

Alisimama kwenye ngazi, mguu mmoja chini, mwingine juu.

Akarudi.

Alikitandika kitanda upya. Alilitundika sweta kwenye kiti, akazipanga ndala, akamlaza mdoli juu ya mto. Pumzi ya mama yake ikarudi taratibu, ikatulia kwenye kikohozi cha kawaida. Mlio mdogo wa ndala ukavuka sakafu, ukasimama karibu naye. Hakuhisi chochote.

"Mama," sauti ikasema, "kwa hiyo hapa tutakaa?"

"Ndiyo, mwanangu," alijibu. "Hapa tutakaa."

Polisi walikuja, wakapekua ghorofa zote hadi paa, wakaandika, wakaondoka. Askari mmoja kijana alimuuliza mlangoni kwa upole kama yule bibi aliyeko ndani ni ndugu wa hao waliopotea. Alifunga mlango.

Mwaka uliofuata jengo lilibadilika. Lifti mpya ilipanda bila sauti, korido zikawekwa taa za njano, vibao vya mawakili vikatupwa. Mzee Jengo alifariki kabla rangi haijakauka, na kuanzia siku hiyo jioni haikupita bila Mama Funguo kusimama kwenye ngazi na kusema "Lala salama" kuelekea ghorofa ya saba, maana cherehani ilikuwa haiachi kulia mpaka imeambiwa hivyo. Alihamia ghorofa ya tano kwa mkataba halali, fleti ya kwanza maishani mwake. Aliandaa sahani tatu, akaosha tatu. Kwenye lifti wakazi wapya walimwambia mama yake ni mcheshi, na binti yake ana maneno.

"Ila hakui," mmoja alisema siku moja, akacheka kwa wasiwasi.

Kila jioni giza likiingia, Kasuku alilia. Hakulia kwa njaa wala kwa baridi. "Mama, Bibi amelala. Sina wa kucheza naye." Mama Funguo alijaribu. Alikaa sakafuni akasukuma mpira, na mpira ulirudi, akausukuma tena. Lakini mtoto hataki kucheza na mtu anayetazama pembeni yake. Alilia mpaka anachoka, na mama alikaa akisikiliza, hawezi kumfuta machozi, hawezi hata kujua uso wake uko upande gani. Alivumilia hivyo muda mrefu. Hilo lazima lisemwe kwa haki yake. Alivumilia mpaka uvumilivu ukamwishia.

Kampuni ilikuwa imempa kazi ya kuuza fleti zilizobaki. Jioni moja waliletwa mume na mke, watu wapole, waliochoka kupanga na kuhamishwa. Walikuwa na binti wa rika la Kasuku, kamshika mama yake nguo, mkono wa pili kakumbatia sungura wa kitambaa aliyelika masikio. Mama Funguo aliwaonyesha fleti ya mkabala na yake. Walipenda dirisha. Walipenda jiko. Mke alikuwa na machozi ya furaha, akajaribu kuyaficha kwa kutazama dari.

"Mtarudi kusaini lini?"

"Keshokutwa," mume alisema.

Nyuma ya mlango wa pili, kilio kilikuwa kimenyamaza. Kuna mtu alikuwa anasikiliza.

Mama Funguo alipiga magoti mbele ya yule mtoto. Alimtazama vizuri, mashavu, nywele zilizosukwa kwa haraka, na moyo wake ukamuuma kweli kweli, lakini haukumzuia.

"Sungura wako mzuri," alisema taratibu. "Muache hapa dirishani akulindie chumba, utamkuta ukirudi."

Mtoto alimtazama mama yake. Mama yake akatabasamu, akaitikia kwa kichwa.

"Mwanangu, wewe unaitwa nani?"